Maonyesho ya vitabu shule ya msingi (Temeke): tuanzie wapi, tuagize vingapi, hela ashike nani?

Mwalimu_wa_Kabati

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Kamati ya shule imekubali tufanye maonyesho ya vitabu: wauzaji walete mzigo, watoto na wazazi waangalie, wachague, wanunue. Shule ni ya serikali, huku Temeke. Wanafunzi kama 640, mikondo 14 kuanzia la kwanza hadi la saba. Ukumbi hatuna. Kuna madarasa mawili tunayoweza kuyaacha wazi siku hizo, na miembe miwili yenye kivuli kizuri. Maktaba yetu ni kabati moja.

Naomba msaada kwenye haya: tarehe (wenzangu wanapigia debe Aprili 23, Siku ya Vitabu Duniani), idadi na bei za vitabu, namna ya kuwapata wauzaji maana wawili wameshasema tununue kwanza kwa jumla na fedha hatuna, na nani ashike hela tusije tukaitwa kujieleza. Mwenye kuijua kazi hii aje na hatua, "hongereni" tumeshazipata za kutosha.

---

MaliKauli

Mwalimu, tarehe kwanza. Aprili 23 kwa Dar ni masika katikati. Miembe haizuii mvua, barabara za mitaa zimejaa maji, na mzazi akishafika nyumbani hatoki tena. Januari nayo hapana, mfuko umekwisha kwenye sare na madaftari. Septemba la saba wana mtihani wao, halafu vuli inaingia. Mimi ningechukua Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ya mwisho wa Julai: ardhi kavu, jua si kali sana, mishahara imeshatoka. Alhamisi watoto waangalie tu, Ijumaa wanunue, Jumamosi ni ya wazazi, na hiyo Jumamosi ndiyo muite kikao cha wazazi. Kikao kianze saa 4, vitabu viwe njiani mwa kutokea, si mwa kuingilia. Anayeingia anakimbilia kiti. Anayetoka ana muda. Ijumaa funga meza saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana watu waende msikitini.

Kuhusu kununua kwa jumla: usikubali. Omba mzigo kwa mali kauli, unachukua, unauza, unalipa kilichouzwa na kurudisha kilichobaki. Hao waliokuambia ununue kwanza wamekuona mgeni. Mwenye duka dogo ana haki ya kuogopa, ila mchapishaji mwenyewe vitabu vyake viko stoo vinakula vumbi, na shule yenye watoto 640 kwake ni tangazo. Bahati yenu wachapishaji wengi wako hapa hapa mjini: Mkuki na Nyota, E&D Vision, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 na kazi yake ni hadithi za watoto. Peleka barua yenye mhuri wa shule na saini ya mwalimu mkuu, wiki sita kabla. Barua iseme idadi ya watoto kwa kila darasa, tarehe, mahali vitabu vitakapolala usiku na nani ana ufunguo. Hicho kipengele cha ufunguo watu wanakiruka, na ndicho anachokitafuta mwenye mzigo.

Punguzo ombeni asilimia 25 ya bei ya jalada. Mkipewa 20 pokeeni, chini ya hapo shule inawabebea watu maji bure.

Idadi. Chukua theluthi ya watoto ndiyo wenye kununua, kama 210. Ongeza wachache watakaochukua viwili, wazazi wa Jumamosi na walimu, unafika nakala 250 hadi 300. Lakini usiagize 300. Meza iliyobaki na nakala mbili tatu inaonekana ya makombo, mtu anapita. Agiza 600, na uzigawe kwenye taito 100 (vitabu 100 tofauti) zenye nakala 6 kila moja, si taito 20 zenye nakala 30. Mtoto wa la pili na wa la sita hawatafuti kitu kimoja. Bei: nusu ya taito zisizidi shilingi 3,000, na robo tatu zisizidi 5,000. Vile vya 12,000 vyenye jalada gumu weka vichache kwa ajili ya wazazi. Bei zote ziishie kwenye 500 au elfu kamili, mtanishukuru kwenye chenji.

Na marufuku kalamu za rangi, stika, vifutio na pipi kwenye eneo hilo. Mtoto mwenye 1,000 ataishia hapo hapo, na muuzaji atakuapia kwamba "vinavutia wateja".

---

HesabuSafi

Nakubaliana na mkuu hapo juu isipokuwa kwenye nani auze. Shule ya serikali isiuze. Tangu Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 kufuta ada, hela yoyote inayopita mikononi mwa mwalimu kutoka kwa mtoto inaangaliwa kwa jicho kali, hata kama ni ya kitabu na mzazi ameridhia. Utaratibu ulio salama ni huu: msambazaji mmoja awe ndiye muuzaji, aje na watu wake wawili, apokee kwa namba yake ya malipo, atoe risiti za mashine yake ya EFD. Shule inatoa mahali, meza, ratiba na watoto wa kusaidia. Faida ya shule isilipwe taslimu. Ilipwe kwa vitabu.

Kwa vitabu faida inanenepa pia. Mkiuza nakala 300 kwa wastani wa 3,000 ni 900,000. Asilimia 25 ni 225,000. Ukiichukua taslimu ni 225,000 basi. Ukimwambia akupe vitabu kwa bei ile ile ya punguzo, unapata vitabu vyenye bei ya jalada 300,000, yaani nakala 100 za elfu tatu tatu. Mikondo 14, kila darasa linapata saba na mbili zinabaki. Hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule kabla ya siku, nakala iende kwa Afisa Elimu Kata, na Mtendaji wa Mtaa ajulishwe kwa barua kwa sababu watu wa nje wataingia shuleni na mizigo.

Barua kwa wazazi iwe na neno "hiari" mstari wa kwanza. Siyo chini, mstari wa kwanza. Na mwalimu asiandike darasani orodha ya waliolipa na wasiolipa. Ndipo malalamiko yanapozaliwa.

Mkilazimika kushika hela wenyewe, basi meza ya malipo iwe moja na watu wawili, mmoja anapokea, mwingine anaandika. Chenji ya kuanzia 100,000: noti za 2,000 ziwe 15, za 1,000 ziwe 40, sarafu za 500 ziwe 60. Ikishapungua mkatafute chenji nyingine mapema, duka la jirani halitawapa saa 5 asubuhi. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya lipa iliyosajiliwa kwa jina la shule, kamwe isiwe ya mwalimu. Na simu inayopokea ujumbe ikae mezani ikiwa na chaji. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, huo si uthibitisho, jumbe za kughushi zipo tele mjini. Unaangalia simu yako: jina, kiasi, saa. Haijaingia, kitabu hakijatoka.

---

Mkutubi_Pwani

Wamesema ya hela, ngoja niseme ya vitabu vyenyewe.

Hadithi nyingi za watoto zimebanwa kwa pini katikati, kurasa 16 hadi 32. Kitabu cha namna hiyo hakina mgongo. Ukikisimamisha kwenye rafu kama kamusi kinapotea, mtoto anaona mistari myeupe tu. Lazima jalada liangalie watu. Chukua madawati mawili, yageuze yatazamane ili juu zake zikutane, funika kwa kitenge cha rangi moja iliyokolea. Kitenge chenye maua mengi kinameza majalada. Kwa dawati la kawaida unapata taito 6 kwa upande, 12 kwa jozi. Taito 100 ni jozi 9, madawati 18, darasa moja linatosha na njia ya mita moja na nusu katikati. Ukiweka njia ya mita moja, watoto wawili wakiinama migongo inagusana na vitabu vinaanguka. Nakala moja au mbili juu, nyingine ziwe kwenye boksi chini ya dawati.

Darasa la pili lifanye sehemu ya kusomea: mikeka, vitabu 30 vya kuchezewa, na mwalimu mwenye sauti ya kusimulia. Hivyo 30 mkubaliane na mwenye mzigo tangu mwanzo kwamba vitachakaa, vihesabiwe vimenunuliwa kwa bei ya punguzo. Usipofanya hivyo watoto watasomea kwenye vitabu vya kuuza, na vidole vya muhogo wa kukaanga havifutiki kwenye karatasi.

Unyevu wa Dar mwaujua. Jalada lililopakwa nailoni upande wa nje tu, upande wa ndani unanyonya unyevu na kutanuka, wa nje hautanuki, kwa hiyo jalada linajikunja kuelekea nje kama chapati iliyoungua. Kwa usiku mmoja tu darasani mwenye madirisha ya nondo, vitabu vya juu vyote vitakuwa vimeinua midomo. Kila jioni virudishwe kwenye maboksi, vimelala, vimebanana, na boksi lisikae kwenye sakafu ya saruji. Weka juu ya dawati au juu ya mbao. Vilivyokuja kwenye nailoni ya kiwandani vibaki humo mpaka vihitajike. Maboksi mazuri ni ya karatasi za A4, yale ya rimu tano. Yametengenezwa kubeba kilo 12 na nusu, mtoto wa la sita na mwenzake wanalinyanyua. Boksi la televisheni ukilijaza vitabu, kitako kinabaki chini.

Msibandike bei kwenye jalada. Gundi ikitoka inang'oa rangi, na kitabu chenye alama ya gundi mchapishaji hakipokei. Kata karatasi vipande vya sentimita 5 kwa 20, andika taito, bei na herufi ya mwenye mzigo (A, B, C), chomeka katikati ya kurasa kichwa kikichungulia. Kikiuzwa, kipande kinachomolewa na kutumbukizwa kwenye kopo la herufi hiyo. Jioni unahesabu vipande kwenye makopo na hesabu ya mauzo imekwisha, bila kompyuta na bila kusubiri umeme.

La mwisho kwangu: kumchagulia mtoto kitabu cha kiwango chake. Kuna kipimo cha vidole vitano kinachosambaa, mtoto asome ukurasa, kila neno linalomshinda akunje kidole, vikiisha vitano kitabu kigumu. Kwa Kiingereza kinasaidia. Kwa Kiswahili kinadanganya, kwa sababu maandishi yetu yanasomeka kama yanavyotamkwa. Mtoto wa la tatu anaweza kukusomea hotuba ya bajeti bila kukwama na asiambulie kitu. Mwambie asome kurasa mbili, afunge kitabu, akueleze kumetokea nini. Akikueleza, kinamfaa. Akirudia neno la mwisho tu, mpe kingine.

---

Mwalimu_wa_Kabati

Asanteni sana, nimeshapiga chapa yote haya. Maswali mawili yaliyobaki. Ratiba: mikondo 14 tunaipitishaje bila kuua vipindi? Na la pili ndilo linaninyima usingizi, wale theluthi mbili ambao hawatanunua. Mtoto apite katikati ya vitabu mikono mitupu?

---

Mama_Mikeka

Mwalimu, kwa ratiba hesabu iko hivi. Mkondo mmoja una watoto 45 hivi. Wapeni dakika 25: 5 za maelezo nje, 20 ndani. Mara 14 ni dakika 350, karibu saa sita, hazitoshi siku moja. Alhamisi pitisha la nne hadi la saba, Ijumaa asubuhi la kwanza hadi la tatu, na hao wadogo wanunue papo hapo wakiwa na fomu ya mzazi. Wakubwa wanarudi Ijumaa mapumziko na mchana. Mikoba ibaki nje na mwalimu wa darasa, mlango mmoja wa kuingia na mwingine wa kutoka, wasimamizi wanne ndani. Wasaidizi wachukue la sita, la saba waacheni na mtihani wao.

Mkondo wake unapopita, kila mtoto apewe karatasi ya robo A4 aandike taito tatu alizozipenda na bei. Karatasi hiyo inakwenda nyumbani. Mzazi anayeletewa "Baba naomba hela ya kitabu" anasema kesho. Anayeletewa jina la kitabu na 2,500 anajua anakataa nini.

Kwa wasio na hela, msiwatafutie huruma, watafutieni kazi na kitu cha kuondoka nacho. Meza ya kubadilishana ni rahisi: wiki mbili kabla, kila mwenye kitabu cha hadithi alichokimaliza akilete, apate kuponi. Waliomaliza shule hapo na wazazi waombwe pia. Vitabu vya mitumba vya kule Posta vinaweza kuongeza idadi, ila vichambueni, vingi ni vya Kiingereza na juu ya kiwango. Siku ya siku, mwenye kuponi anachukua kitabu kimoja. Kuponi za nyongeza wapeni wanaosaidia: aliyebeba maboksi, aliyefagia, aliyesimulia hadithi kwenye mkeka, aliyechora bango. Hakuna anayejua nani alipewa kuponi kwa kitabu na nani kwa kazi. Kuponi zote ziwe rangi moja kwa sababu hiyo.

Vile vitabu 100 vya faida navyo msivifungie kabatini. Zile karatasi za taito tatu zikirudi zikusanywe, zihesabiwe, na madarasa yapewe vilivyotajwa sana. Mtoto aliyeandika kitabu na akakikuta darasani Jumatatu hajapita mikono mitupu.

---

MaliKauli

Mama Mikeka amemaliza hilo. Naongeza mawili ya hatari kabla hamjasaini chochote.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, ukaendelea kupanda kwa awamu. Maana yake kuna stoo zimejaa vitabu vya mtaala wa zamani na wenyewe wanatafuta pa kuvishusha, na maonyesho ya shule ni pazuri mno. Kama mtaruhusu vitabu vya masomo, kila kimoja kiwe na ithibati ya Kamishna wa Elimu na kiseme kiko kwenye mtaala upi. Ushauri wangu, msiviruhusu kabisa. Vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao, mzazi asitumie hela yake hapo. Maonyesho yawe ya hadithi, mashairi, kamusi na maarifa.

Pili, nakala za wizi. Chukua kitabu mkononi, tazama picha za ndani: kama nyeusi imegeuka kijivu na nyuso zina ukungu, imepigwa kutoka kwenye nakala nyingine. Tazama pambizo, kama maandishi yanakaribia ukingo upande mmoja, imekatwa ovyo. Fungua katikati ubonyeze, gundi ikilia na ukurasa ukachomoka, rudisha. Usiitegemee ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, mwizi anaipiga chapa pamoja na jalada. Ile 9976 au 9987 ndani yake inakuambia tu kwamba namba yenyewe ilitolewa kwa Tanzania.

---

HesabuSafi

Na siku ya kurudisha, jamani. Hapo ndipo urafiki huvunjika. Hati ya makabidhiano iwe na safu sita: taito, bei, zilizopokelewa, zilizouzwa, zilizoharibika, zilizorudi. Tatu za mwanzo mnajaza mzigo unaposhuka, mnahesabu nakala kwa nakala mbele ya dereva hata kama ana haraka. Boksi lililoandikwa 60 mara nyingine lina 57. Tatu za mwisho mnajaza Jumamosi jioni hapo hapo shuleni, mwenye mzigo akiwepo, kabla gari halijapakiwa. Akisema "nitahesabu dukani nitawapigia", mzigo usiondoke. Iliyopotea hulipwa kwa bei ya punguzo, si ya jalada, na hilo liandikwe kwenye barua ya kwanza kabisa. Hati yenyewe iwe nakala tatu, saini mbili kila moja, mhuri. Moja yake ikae kwenye faili la kamati.

---

Mwalimu_wa_Kabati

Nimeelewa. Barua zinatoka Jumatatu, pamoja na habari ya ufunguo. Mkutubi, hivyo vipande vya sentimita 5 kwa 20, A4 moja inatoa vingapi?

---

Mkutubi_Pwani

Vitano: upana wa karatasi, sentimita 21, unakuwa urefu wa kipande, na unakata kila baada ya sentimita 5 na kidogo. Nakala 600 ni karatasi 120. Nunua rimu moja, inayobaki ndiyo ya zile robo za kuandikia taito: 640 gawanya kwa nne ni karatasi 160.